Upande wa Baba, Upande wa Mama

Kwa Kihara na Jerotich, nyuma ya Njoro ambako mashamba ya ngano yanaanzia, watu wawili wazima walikuwa wanagombania kompyuta bila kusema neno. Kihara ndiye aliyeamka kwanza. Aliingia stoo, akawasha ile mashine iliyokaa mezani kati ya magunia ya viazi na kreti za karoti, akafungua programu ya barua pepe na kukuta kila kitu kimehamishwa. Folda za wateja ziko kulia, naye alizitaka kushoto. Herufi ni ndogo kama mbegu za sukumawiki. Alizikuza, akarudisha folda kushoto, akasoma oda za hoteli na kantini za Naivasha, akaenda kupakia pikapu. Baada ya chai Jerotich naye aliingia kuandika invoisi, akakuta herufi zimevimba na folda zimevuka upande wa pili. Akasonya, akarudisha kila kitu alivyokipenda yeye.

Mtu angesema ni utoto. Lakini tangu siku ya tanki wawili hao walikuwa hawasemezani, na kuhamishiana folda ndiyo mazungumzo pekee yaliyobaki katika nyumba hiyo.

Siku ya tanki, akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kwa Jerotich kwa maombi. Walikuwa uani wakinywa chai Kihara aliporudi kutoka Nakuru mjini. Alipinda na pikapu karibu na jikoni kama alivyopinda miaka yote, akagonga bomba la tanki jipya, na maji yote waliyokuwa wamekinga msimu ule yakamwagika hadi kwenye viatu vya wageni. Kihara alishuka, akatazama. Badala ya kusema pole, alitangaza mbele ya wanawake wote kwamba mama wa nyumba hii huacha mabeseni kila mahali, na ndiyo sababu vitu vinaharibika. Hapakuwa na beseni, na kila mtu aliona hapakuwa na beseni. Mke wa pasta aliinamisha uso kwenye kikombe chake. Jerotich aliendelea kumimina chai kwa mkono uliotulia kabisa, na tangu saa hiyo hakumsemesha mumewe.

Ambalo hakulijua Jerotich, na ambalo Kihara angetoa ng'ombe wake wote wawili lisijulikane, ni kwamba siku hiyo alikuwa anatoka kwa daktari wa macho. Alikuwa amekwenda peke yake, akisema anafuata mbolea. Daktari, kijana mpole, alimwambia mshipa wa jicho umeharibika pande zote mbili. Kilichopotea hakitarudi, kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, na kuendesha gari kukome leo. Kihara aliitikia kila kitu. Kisha akatoka nje, akapanda pikapu yake na kuendesha hadi nyumbani, njia nzima akipanga namna ya kumwambia mkewe. Alipanga maneno vizuri. Alikuta ua umejaa wanawake, akavunja bomba, na maneno aliyoyapanga yakageuka kuwa beseni.

Basi akaendelea kuendesha. Chupa ya dawa aliificha kwenye dashibodi, chini ya kitambaa cha kufutia kioo. Barabara aliijua kwa moyo, alijiambia. Alishika upande wake wa kushoto wa barabara, akaenda polepole, malori yakampigia honi kutoka Mbaruk hadi Gilgil.

*

Zamani walipokosana walikuwa na njia yao. Jerotich alisema, "Shiko, mwambie baba yako chai iko mezani," na baba mwenyewe amekaa pale pale, magoti yake yakigusa meza. Kihara naye akajibu, "Mwambie mama asante." Shiko, binti yao, alipitisha maneno hayo huku na kule akila, na baada ya siku mbili tatu wazazi walisahau kumtumia. Nyumba ile ilitumia Kiswahili kwa sababu yeye Kihara ni Mkikuyu na mkewe ni Mkalenjin. Jerotich akikasirika sana alihamia lugha yake na kuzungumza na ng'ombe.

Sasa Shiko alikuwa hosteli, mwaka wake wa mwisho chuoni. Maneno yakakosa pa kupitia. Wakawa wanampigia simu. Mama alipiga kutoka jikoni aseme unga umeisha, na dakika chache baadaye simu ya baba, aliyekuwa sebuleni, ikalia: Dad, mum anasema unga umeisha. Shiko alivumilia, kisha akachoka.

"Mum, mimi si posta," akasema. "Mko nyumba moja na mnanipigia mimi niko lab. Ongea na yeye."

"Kwani nimekataa kuongea? Yeye ndiye aongee kwanza."

Kihara naye aliulizwa, naye akajibu hivyo hivyo.

Shiko hakuweza kuwapatanisha, lakini kompyuta aliiweza. Mradi wake wa mwisho ulihusu kuboresha programu za barua pepe za kompyuta za mezani, ili mtumiaji aipange sura yake mwenyewe: folda zikae wapi, vitufe gani vionekane, herufi na rangi ziweje. Programu nyingi, alilalamika, humpa mtu uhuru huo nusu nusu, kisha zinafikiri kila kompyuta duniani ina mtu mmoja. Wazazi wake walikuwa mfano aliouhitaji. Alikuja Jumamosi na laptopu yake na kuwahoji kila mmoja kivyake, kama karani wa sensa.

Jerotich alimwambia kwamba baba yako anataka herufi za chekechea, anafanya makusudi kunichosha, anajua mimi nataka kuona oda zote kwa mara moja. Kihara alisema mama yako anapanga mambo kama mtu anayeficha siri, na herufi zake hata sisimizi hawezi kuzisoma. Shiko aliandika yote hayo. Aliandika kila mmoja anataka nini, kwa makini sana, na hakumuuliza hata mmoja kwa nini. Tusimlaumu sana, kwa maana hata mimi ningedhani ni hasira tu.

Kazi aliyorudi nayo baadaye ilikuwa nzuri. Programu ilipofunguka ilionyesha vitufe viwili, Baba na Mama. Ukibofya chako unapata mpangilio wako, na mwenzako haguswi. Upande wa Baba aliruhusu herufi zikue kupita kiwango walichoweka watengenezaji, na rangi zibadilike, hata weusi kwa manjano ukitaka. Aliwafundisha, akawaonyesha mara ya pili, akarudi hosteli akiwa amefurahi.

Jumatatu iliyofuata Kihara alifunga mlango wa stoo na kubofya Baba. Akavuta herufi zikakua, akavuta tena, akazidi kuvuta. Akaweka nyeusi na manjano. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alisoma oda nzima bila kubahatisha, na alipomaliza ilibidi akae kidogo kwenye gunia la viazi kabla ya kutoka.

*

Amani ikaingia stoo, na hakuna aliyeifurahia.

Jerotich aliingia baada ya chai akiwa tayari kusonya, akabofya Mama na kukuta kila kitu pale pale alipokiacha jana. Folda kulia, herufi ndogo, oda zimejipanga safi. Hakuna mtu aliyepita. Siku za kwanza alijiambia ndivyo alivyotaka. Baadaye akaanza kuona stoo imekuwa kubwa. Zamani alikuwa na mtu wa kumkasirikia kila asubuhi, na mtu unayemkasirikia yupo. Sasa ilikuwa kama kukaa lojingi ya wageni: unajua kuna mtu chumba cha pili, unasikia kikohozi chake na maji yakimwagika, basi.

Kihara naye alikuwa akizikosa zile herufi ndogo. Zilikuwa zinamuumiza, lakini zilikuwa zinamwambia kwamba mkewe aliketi kwenye kiti hiki jana, akazivuta kwa mkono wake, akiwa na hasira zake. Chakula alikikuta mezani kila jioni kimefunikwa sahani. Alikula akitazama mlango wa chumba cha kulala, na mkewe alikuwa nyuma ya mlango huo macho wazi, akisikiliza kijiko.

Jumapili moja pasta alimwita Kihara asome neno, kwa kuwa yeye ni mzee wa kanisa na sauti yake hupendwa. Alisimama, akaifungua Biblia, akaitazama, kisha akashika koo na kutikisa kichwa. Mtu mwingine akasoma. Upande wa akina mama Jerotich aliona, akawaza kwamba hata Mungu sasa amenuniwa.

*

Asubuhi moja stima ilipopotea na kompyuta kuzimika, Kihara alikuwa ndani ya programu. Oda ya hoteli moja ya kando ya ziwa alikuwa ameshaisoma, kwa hiyo hakungoja. Alipakia kabichi na karoti, akaondoka kwenda Naivasha. Stima iliporudi, Jerotich aliwasha kompyuta ili aandike invoisi. Programu haikumuuliza chochote. Ilifunguka pale ilipokatiwa, upande wa Baba.

Skrini ilikuwa nyeusi. Juu yake palikuwa na maneno matatu ya manjano, kila herufi ndefu kama kidole: TAFADHALI TULETEE KABICHI. Neno kabichi lenyewe lilikuwa limefika ukingoni kabisa. Mwanzoni Jerotich alifikiri mashine imeharibika. Akasogeza mausi. Yakapita maneno mengine matatu, na mengine matatu. Alianza kucheka kwa dharau, yule mzee na vituko vyake, na kicheko kikamfia mdomoni.

Kwa sababu hakuna mtu anayefanya hivyo makusudi. Ungemfanyia nani makusudi, upande ambao hakuna anayeuona ila wewe?

Akakaa. Akaona beseni ambalo halikuwapo. Akamwona Kihara kanisani, ameshika koo ambalo jioni ile ile lilikuwa linaita mbwa kwa sauti nzuri tu. Akakumbuka chai iliyomwagwa kando ya kikombe, ambayo yeye aliipangusa akidhani ni ya kisirani, na mkono wa mumewe ukipapasa ukuta wa korido mchana, ambao yeye aliuona na kusema moyoni, sasa anajifanya mlevi. Aliona yote. Alikuwa ameyaona yote tangu mwanzo na kuyahesabia ubaya.

Halafu akakumbuka mahali Kihara alipo saa hiyo.

Alichukua simu, akalitafuta jina lake, akasita. Akimpigia, atapokea. Tangu siku ya tanki hajampigia, kwa hiyo atajua kuna jambo, atashika simu kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, na macho hayo. Akampigia Shiko kama alivyozoea. Mteja hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. Shiko alikuwa darasani, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumpelekea maneno.

Akampigia Cheptanui, mwanamke anayepokea mizigo katika stoo ya ile hoteli. Walikuwa wanajuana kwa simu tu, mambo ya invoisi. Alimuuliza kama Kihara amefika, akijaribu kuuliza kama mtu anayeuliza la kawaida.

"Bado, mama. Lakini usijali. Akifika huwa tunamtoa kijana gate, anatembea mbele ya gari mpaka hapa."

"Anatembea mbele ya gari?"

"Kwa sababu ya macho. Na delivery note namsomea mimi, yeye anasaini pale namwekea kidole." Cheptanui akapunguza sauti. "Mama, sisi tulidhani mnajua huko nyumbani."

Jerotich alisema ndiyo, tunajua, akamwomba ampigie mara tu mzee akiingia. Alikata simu, uso ukimwaka. Wageni wa Naivasha, watu asiowahi kuwaona, walikuwa wanamshika mumewe mkono, na yeye aliyelala naye kitanda kimoja alikuwa anamhesabia makosa ya folda. Alilia pale mezani, mbele ya lile neno kabichi. Hakutoka stoo. Hakwenda kumwambia ng'ombe. Aliomba kila lori la barabara ile lipite salama, na dereva wake apewe subira.

Simu ilipolia aliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Amefika," Cheptanui akasema. "Niko naye hapa."

"Mpe."

Ikapita kelele ya kreti, kisha pumzi aliyoijua.

"Baba Shiko."

Cheptanui, aliyesimama kando yake, alidhani laini imekatika, akataka kuichukua simu.

"Nimefungua email," Jerotich akasema. "Imefungukia upande wako."

"Umeona."

"Nimeona."

"Ni kubwa," Kihara akasema, kama anayeomba radhi.

"Ni kubwa sana. Usiendeshe, Baba Shiko. Keti hapo. Nakuja na Elphas."

Alingoja mumewe abishe. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, hata alitamani ubishi. Alisikia tu funguo zikiwekwa juu ya meza, mbali sana, huko Naivasha.

*

Elphas, jirani anayeendesha trekta za kuvuna ngano, alikwenda naye kwa matatu, na hakuuliza maswali. Walimkuta Kihara kwenye kreti tupu nje ya jiko la hoteli, miguu pamoja, kofia magotini, kama mzazi aliyeitwa shuleni. Wapishi walikuwa wanampita wakibeba masufuria. Jerotich alisimama mbele yake na hakujua kama amewahi kumwona akiwa mdogo hivyo. Kihara alijua ni yeye kwa viatu vyake.

Pikapu ilirudi na Elphas kwenye usukani, Jerotich katikati, na Kihara dirishani, upande ambao hakuwahi kukaa katika gari lake mwenyewe. Mkono wake ulitafuta gia mara mbili na kukutana na goti la mkewe. Walifika Gilgil kabla hajasema.

"Ile siku ya tanki nilikuwa natoka kwa daktari. Nilikuwa nakuja kukwambia."

"Ungeniambia."

"Kulikuwa na wageni."

Jerotich alitazama barabara. Elphas naye akaitazama barabara kuliko ilivyohitaji.

"Wageni waliondoka, Baba Shiko," Jerotich akasema. "Waliondoka jioni hiyo hiyo. Nikabaki mimi."

Kihara aliinama mbele. Alifungua dashibodi, akapapasa chini ya kitambaa, akatoa ile chupa ndogo ya dawa na kuiweka kwenye kiganja cha mkewe. Ilikuwa imebaki karibu kujaa. Peke yake hakuwa anajua kuyalenga matone, mengi yaliishia shavuni, na baadaye aliacha kujaribu. Jerotich aliifunika kwa vidole na kuishika hadi nyumbani. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sasa hakujua aielekeze kwa nani.

Jioni Shiko alipiga simu, ameona simu za mama zilizomkosa. Alisimuliwa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba aliona zile saizi za herufi, alijua ni kubwa kupita kawaida, na alifurahi kwa sababu programu yake ilizimudu. Mama yake alimwambia asilie, hata yeye aliona mengi. Kisha akamwomba amweleze, hatua kwa hatua, jinsi ya kuunganisha zile pande mbili ziwe moja.

"Mum, si lazima. Kila mtu akae na yake, ndiyo poa. Ukitumia ya Dad utakuwa unascroll siku nzima."

"Nitascroll."

"Na folda?"

Jerotich akafikiri. "Folda ziwe kulia," akasema. "Siwezi kumwachia kila kitu."

*

Asubuhi Kihara aliamka kwanza kama kawaida. Alivaa koti, akatia mkono mfukoni kutafuta funguo, akakumbuka ziko kwa Elphas. Alisimama mlangoni akiwa hana pa kwenda. Nje Elphas alikuwa tayari ameiwasha pikapu, na Kihara aliusikiliza mlio wa injini yake ukiwa mkononi mwa mtu mwingine, na alijua kwamba hivyo ndivyo itakavyokuwa siku zote.

Akaingia stoo kwa sababu ndiko miguu ilikozoea. Akawasha. Vitufe viwili havikutokea. Skrini ilikuja nyeusi moja kwa moja, na maneno ya manjano, makubwa, matatu. Akapeleka mausi kushoto kutafuta folda, hazikuwepo. Akapapasa skrini nzima na kuzikuta kulia.

Alikuwa bado ameinama hapo Jerotich alipoingia, mapema kuliko siku zote, amebeba vikombe viwili. Aliviweka mezani, akavuta kreti ya karoti karibu na kiti cha mumewe, akaketi. Kwenye skrini ilikuwa oda ndefu, ya kantini moja ya Kamere kule Naivasha, na Elphas alikuwa anangoja.

"Soma," Jerotich akasema.

Kihara alisoma maneno matatu, akasogeza, akasoma mengine matatu. Alisoma polepole sana, na mara mbili alirudi nyuma. Jerotich alikuwa na macho mazima, na maisha yake yote alisoma haraka kuliko mumewe. Asubuhi hiyo hakuweza kumtangulia hata kwa neno moja. Skrini haikuwa na maneno mengine ila yale yale aliyoyaona Kihara, na ikambidi angoje naye yanayofuata.